Unaona hadi wapi bila kugeuza shingo?

Kijana anaingia zizini alfajiri kufungua maksai wa kwenda kulima shamba la mpunga. Akimkaribia ng'ombe kwa ubavuni, mnyama anamtazama tu na kuendelea kucheua. Siku akija kimya kimya kwa nyuma, usawa wa mkia, anaweza kupigwa teke. Ng'ombe ni yule yule na kijana ni yule yule. Kilichobadilika ni upande aliotokea: ubavuni ng'ombe alimwona, nyuma ya mkia hakumwona, akashtuka.

Eneo lote unaloweza kuliona bila kugeuza kichwa wala kuzungusha macho huitwa uwanda wa kuona. Kila kiumbe ana wake. Hapa Bonde la Kilombero, ambako watu, mifugo na wanyamapori wanatumia maji na nyasi zile zile, kuujua uwanda wa mnyama kunaweza kukuepusha na teke, pembe au meno. Kuujua uwanda wako mwenyewe kunaweza kukuepusha na upofu, kwa sababu yapo magonjwa yanayoupunguza kidogo kidogo bila mwenyewe kujua.

Anza na macho yako

Simama na utazame kitu kimoja kilicho mbali, tuseme shina la mwembe. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, dole gumba juu. Huku macho yakibaki kwenye mwembe, fungua mikono taratibu, mmoja kulia na mwingine kushoto, ukitikisa madole gumba. Watu wengi wenye macho mazima huendelea kuyaona yakicheza hadi mikono inapokaribia kunyooka kama msalaba. Hiyo ni kama nusu ya mduara, yaani nyuzi 180 au zaidi kidogo, kati ya nyuzi 360 za mduara mzima.

Sasa acha kutikisa. Madole yaliyo pembeni kabisa yanafifia au yanapotea. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaoitwa retina. Katikati yake kuna seli nyingi za kuona rangi na vitu vidogo. Pembeni zimejaa seli za kuona mwanga hafifu, na huko jicho ni jepesi kugundua mwendo. Ndiyo maana kwa pembe ya jicho unajua kwamba kuna kitu kimepita, lakini hujui ni kuku au nyoka mpaka ugeuke. Na ndiyo maana usiku nyota hafifu huonekana vizuri zaidi ukitazama kando yake kidogo.

Sehemu ya katikati ya uwanda wetu, kama nyuzi 120 hivi, huonwa na macho yote mawili kwa pamoja. Kila jicho linaleta picha inayotofautiana kidogo na ya mwenzake, na ubongo hutumia tofauti hiyo kukadiria umbali. Funga jicho moja kisha jaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano, utaona kazi ya jicho la pili.

Wanaowindwa na wanaowinda

Ng'ombe ana macho kandokando ya kichwa. Uwanda wake unafika kama nyuzi 330, karibu mduara mzima. Asipoona ni nyuma ya mkia na sehemu ndogo mbele ya pua. Lakini eneo analoliona kwa macho yote mawili ni jembamba, na nje ya hapo kupima umbali au kina kunamwia vigumu. Ndiyo sababu anasita mbele ya kivuli kilichokatiza njia au kwenye mlango wa josho: hajui kama ni doa tu au ni shimo. Mpe nafasi ainamishe kichwa na kutazama, mara nyingi atapita mwenyewe.

Mtazame mbuzi machoni. Mboni yake si duara, ni mstari mpana uliolala. Mwaka 2015, Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walilinganisha mboni za aina 214 za wanyama wa nchi kavu. Waligundua kuwa mboni za kulala hupatikana zaidi kwa wanyama wala majani ambao huwindwa. Mboni ya aina hiyo inapokea mwanga mwingi kutoka mbele, pembeni na nyuma, usawa wa ardhi, na kupunguza ukali wa jua la juu. Mbuzi anapoinamisha kichwa kula, macho yake huzunguka ndani ya kichwa ili mboni ibaki imelala sambamba na ardhi. Kwa hiyo hata akiwa anakula bado analinda.

Sheshe, swala wa mbuga za majimaji za Kilombero, naye ana macho ya kandokando kama mbuzi. Simba, chui na bundi ni kinyume chake. Macho yao yametazama mbele, kwa sababu mwindaji anahitaji zaidi kujua umbali wa kuruka kuliko kuona nyuma yake. Bundi ana uwanda mdogo kuliko wetu, kama nyuzi 110, na macho yake hayawezi kuzunguka. Anafidia kwa shingo inayogeuka hadi nyuzi 270. Kugeuza kichwa huko kunakowaogopesha watu si uchawi: hana njia nyingine ya kutazama pembeni. Ndege huyo huyo anakula panya wanaomaliza mpunga.

Mamba ana ujanja wake. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi walichunguza macho ya mamba wa nchi hiyo. Waliona kuwa sehemu ya retina inayoona vizuri zaidi imetandazwa kama mstari, usawa wa ardhi, hivyo mamba anaweza kukagua ukingo mzima wa maji bila kugeuza kichwa. Mamba wa mto wetu ni wa aina nyingine, ila naye huwinda kwa kuvizia ukingoni.

Linganisha na mtu anayechota maji. Ameinama, macho yako kwenye ndoo, paji la uso limeziba sehemu ya juu ya uwanda wake, na uso wa maji unang'aa. Huyo haoni mto. Mkienda wawili, mmoja achote na mwingine asimame wima akitazama maji. Chotea mbali na ukingo kwa chombo chenye mpini mrefu, na msizoee sehemu moja kwa saa ile ile kila siku.

Kumswaga ng'ombe bila fimbo nyingi

Kwa kuwa ng'ombe anaona karibu pande zote, pale unaposimama panampa ujumbe. Mstari muhimu ni bega lake. Ukisogea ukiwa nyuma ya usawa wa bega, anaenda mbele. Ukisimama mbele ya bega, anasimama au anarudi nyuma. Ukikaa nyuma ya mkia, mahali asipoona, atageuka kukutafuta na safu nzima itavurugika. Mfundishe hili mtoto anayechunga. Na kila anayemwendea maksai aje kwa upande, usawa wa bega, huku akizungumza ili sauti yake imtangulie.

Barabarani

Dereva wa bodaboda akivaa kofia ya jaketi juu ya kichwa kwa sababu ya baridi ya asubuhi, amekata uwanda wake pande zote mbili. Mtoto anayetoka kando ya barabara, ng'ombe anayekatiza, hata gari moshi la TAZARA kwenye kivuko cha reli, wote hutokea pembeni kwanza. Ukifika kwenye kivuko, geuza kichwa kulia na kushoto. Usiiachie kazi hiyo pembe ya jicho.

Uwanda unapoliwa taratibu

Ugonjwa unaosumbua zaidi hapa ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Si presha ya damu. Ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo, mara nyingi kwa sababu shinikizo la maji ndani ya jicho limepanda. Kwa kawaida hauumi. Mara nyingi huanza kula pembeni, huku katikati pakibaki safi. Mgonjwa anasoma ujumbe wa simu, anahesabu pesa na kumtambua jirani kwa mbali, kwa hiyo anaamini macho yake ni mazima. Jicho moja huficha upungufu wa lenzake, na ubongo hujaza pengo. Hakuna giza linaloonekana.

Upande wa pili wa mto, kwenye milima ya Mahenge wilayani Ulanga, kuna tatizo lingine la zamani, usubi. Nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi huambukiza minyoo, na vijiminyoo vikiingia jichoni vinaweza kuharibu sehemu ya mbele ya jicho, retina, hata mshipa wa fahamu. Dawa ya ivamektini inayogawiwa katika jamii huua vijiminyoo hivyo. Anayepita siku ya kugawa bila kumeza, hata kama haumwi, anaviacha viendelee.

Dalili za uwanda kupungua huonekana kwanza kwa wengine. Mzee anajigonga kwenye fremu ya mlango. Anakanyaga bakuli lililo pembeni yake. Anashtuka watu "wanapojitokeza ghafla" kumbe walikuwa wanakuja muda mrefu. Watu husema ni uzee. Huenda si uzee.

Mnaweza kufanya jaribio nyumbani. Kaeni mkitazamana, umbali wa mkono mmoja. Mzee afunike jicho lake la kulia, nawe funika la kushoto, kisha kila mmoja atazame jicho la mwenzake lililo wazi bila kulihamisha. Leta kidole chako kinachocheza kutoka pembeni, katikati yenu, na mzee aseme anapokiona. Rudia kutoka juu, chini na upande mwingine, kisha badilisheni macho. Kama wewe unakiona mapema na yeye anachelewa sana, apelekwe kupimwa. Lakini akifaulu, msiseme amepona hofu: jaribio hili haligundui glakoma changa. Hata kusoma herufi za ukutani hupima katikati tu.

Anayestahili kwenda kupimwa hata bila dalili ni mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, hasa kama mzazi, kaka au dada yake ana glakoma. Kwenye kliniki ya macho omba wapime shinikizo la jicho na waangalie mshipa wa nyuma. Uwanda uliokwisha kupotea haurudi. Matone au upasuaji hulinda uliobaki, kwa hiyo usiache matone kwa kuwa huoni nafuu. Usitie jichoni majani au maji ya miti, yanaweza kuunguza kioo cha mbele. Na ukiona ghafla kama pazia linashuka upande mmoja, au miale inayomulika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.