Chuo cha Ufundi cha Serikali: Tafuta Fani Kwanza, Mkoa Baadaye

Muulize mzazi wa Tabora ni wapi mkoani kwake kijana anaweza kusoma ufundi katika chuo cha serikali, na jibu litakuwa neno moja: VETA. Ni kweli, chuo cha VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kipo pale mjini, na kipo kingine Ulyankulu, wilayani Kaliua. Lakini mkoa huohuo una vyuo vya maendeleo ya wananchi Urambo, Sikonge, na Mwanhala kule Nzega. Una Chuo cha Ufugaji Nyuki, kilicho chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Una chuo cha kilimo Tumbi, chini ya Wizara ya Kilimo. Una pia Chuo cha Reli. Vyote ni vya umma, na kijana aliyemaliza kidato cha nne huenda anapita mbele ya geti la kimojawapo kila siku bila kujua kwamba nafasi zake zinamhusu.

Hali hii ina historia. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975, vikilenga watu wazima wa vijijini, na leo viko 54 chini ya Wizara ya Elimu. VETA ilizaliwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wizara za kilimo, mifugo na maliasili zilijenga vyuo vyao ili zipate maofisa ugani na mafundi wa kuwahudumia wakulima, wafugaji na misitu. Kila mmiliki akabaki na tangazo lake, fomu yake na msimu wake wa kupokea maombi. Mwananchi ndiye aliyeachiwa kazi ya kuunganisha vipande.

Mahali ambapo vipande hivyo vinakutana ni NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo ndilo linalosajili vyuo vya ufundi stadi pamoja na vyuo vya kati. VETA imebaki na jukumu la kufundisha. Kwa hiyo anayetaka kujua vyuo vya mkoa wake aanzie kwenye orodha ya NACTVET, aangalie mkoa, wilaya na mmiliki, kisha asome kozi ambazo chuo kimesajiliwa kuzitoa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali, lakini kozi anayoitaka kijana wako isiwemo.

Hapo ndipo kuanza na mkoa kunapowapotosha wengi. Hakuna chuo cha VETA kinachofundisha fani zote. Umeme wa majumbani, uashi, useremala, uchomeleaji na ushonaji utazikuta sehemu nyingi, na kwa fani hizo chuo cha jirani kinatosha. Fani nyingine zina kwao. Anayetaka hoteli na utalii kwa kina anakwenda Njiro, Arusha, ambako VETA ina chuo maalumu cha fani hiyo. Wa elektroniki na TEHAMA ana chuo cha Kipawa, Dar es Salaam. Teknolojia ya ngozi iko kwenye kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Uvuvi na usindikaji wa samaki unafundishwa na FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, yenye kampasi Mbegani kule Bagamoyo na Nyegezi, Mwanza. Fani ya viwanda vya mazao ya misitu iko Moshi. Mtoto wa Songea anayependa kutengeneza mabegi na viatu akibanwa ndani ya mipaka ya Ruvuma kwa sababu tu orodha imepangwa kimkoa, tunampa fani iliyo karibu badala ya ile aliyonayo moyoni. Nimeona vijana wengi wakiacha masomo katikati kwa sababu hiyo, na inauma, kwa kuwa mara nyingi walikuwa na mikono mizuri.

Basi swali la bweni lije mapema. Katika vyuo vya VETA ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, mbali na vifaa na sare. Mzazi anayekimbilia chuo cha karibu kwa kuogopa bweni, akishapiga hesabu ya nauli za kila siku, anaweza kukuta bweni la mkoa mwingine ni nafuu.

Majina nayo yasikuchanganye. VETA Pwani iko Kibaha. VETA Mikumi ni ya Mkoa wa Morogoro. Zaidi ya hayo, VETA inajiendesha kwa kanda: Mtwara na Lindi, kwa mfano, ziko pamoja katika Kanda ya Kusini Mashariki. Ofisi ya kanda inaweza kukueleza fani za vyuo vyake vyote kwa simu moja, na ni ofisi ambayo wananchi wengi hawafikirii kabisa kuiuliza.

Sekondari za ufundi kama Tanga, Moshi, Ifunda, Iyunga, Bwiru na Musoma ni njia nyingine kabisa: hizo ni shule, na mwanafunzi hupangiwa na serikali. Vivyo hivyo, baadhi ya nafasi za vyuo vya kati hupitia fomu ya machaguo ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huijaza akiwa bado shuleni. Ijazeni pamoja naye, msimwachie peke yake.

Kalenda ina uzito wake. Kozi ndefu za VETA kwa kawaida huanza Januari, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla. Anayesubiri matokeo ya kidato cha nne ndipo aanze kuuliza, kwa kawaida amekwisha chelewa mwaka mzima. Ukishapata nafasi, malipo ya chuo cha serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Anayekuomba utume ada kwenye namba yake ya simu, usimtumie.

Zanzibar ina mfumo wake. Huko Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ndiyo inayoendesha vituo vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, Pemba, miongoni mwa vingine. Usivitafute katika orodha za VETA.

Ninachoziomba halmashauri ni karatasi moja. Ibandikwe ofisi ya kata, shuleni na zahanati, ikitaja vyuo vyote vya umma vya mkoa bila kujali wizara, fani zake, sifa za kujiunga, kama kuna bweni, na mwezi wa kuomba. Chini yake yaongezwe maelezo kwa fundi aliyejifunza gereji au kwenye saiti bila cheti: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo hupimwa kwa vitendo, hupewa mafunzo ya kuziba pengo pale yanapohitajika, na hutunukiwa cheti bila kuanza upya darasani.