Mlango wa Canada Hauko Garden Avenue

Ubalozi wa Canada jijini Dar es Salaam uko kwenye kona ya Mtaa wa Mirambo na Garden Avenue. Mtu aliyezoea kufuata mambo yake dirishani atabeba bahasha yake ya kaki, cheti cha ndoa, picha za harusi na nakala za pasipoti, aende nayo pale. Tuseme mume ni raia wa Canada, mke ni Mtanzania, wanaishi Mbezi Beach na wameamua kuhamia Toronto. Maombi ya mke ya ukaazi wa kudumu wayapeleke wapi kama si ubalozini?

Ubalozi hauyapokei. Tangu tarehe 23 Septemba 2022 maombi mengi ya ukaazi wa kudumu wa Canada, yakiwamo ya mtu anayedhaminiwa na mwenzi wake, hutumwa kwa njia ya mtandao, moja kwa moja kwenye mfumo wa Idara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia ya nchi hiyo. Asiyeweza kutumia mfumo huo kwa sababu ya ulemavu anaruhusiwa kuomba njia nyingine. Wengine wote, wawe Mbezi, Muscat au Bujumbura, mlango wao ni huo mmoja.

Hata enzi za makaratasi, bahasha ya udhamini wa mwenzi ilikuwa ikisafirishwa hadi kwenye vituo vya kushughulikia maombi vilivyo Canada kwenyewe, kama kile cha Mississauga, Ontario, na kile cha Sydney, Nova Scotia. Maafisa wa huko walikagua kwanza sifa za mdhamini, kisha faili la mwombaji likaweza kupelekwa kwenye ofisi ya viza inayohusika na nchi yake. Kwa watu wa Afrika Mashariki, mara nyingi Nairobi. Pengine ndiyo sababu wengi wanaamini kwamba safari huanzia ubalozini. Wameona jirani akiitwa kwa usaili, hawakuona bahasha ilikotumwa miezi mingi nyuma.

Kabla ya kufungua akaunti ya maombi mtandaoni, kuna swali zito kuliko anwani: anayedhamini ana hadhi gani, na anaishi wapi? Raia wa Canada anaweza kumdhamini mkewe au mumewe akiwa bado anaishi nje, ilimradi athibitishe kwamba watahamia Canada mwenzi akishapata ukaazi. Maneno matupu hayatoshi. Barua ya ajira, mipango ya nyumba, shule ya watoto, hatua za kufunga kazi ya Dar es Salaam, vyote hivyo ndivyo afisa anavyovitafuta. Mkaazi wa kudumu ambaye bado si raia hana nafasi hiyo: lazima awe anaishi Canada ndipo amdhamini mwenzi. Kijana wa Mombasa aliyepata ukaazi, akarudi nyumbani kuoa na kukaa mwaka mzima kumsubiri mkewe, anaweza kuwa ameliharibu ombi kwa mikono yake mwenyewe bila kujua. Na anayekusudia kuishi Quebec ajue kwamba mkoa huo una hatua zake za ziada za udhamini.

Mfumo pia humtaka mwombaji achague kundi. Lipo la mwenzi anayeishi na mdhamini ndani ya Canada, na lipo la familia, ambalo ndilo la mwombaji aliye nje. Hili la pili linaruhusiwa hata kwa mtu ambaye kwa sasa yuko Canada, na lina faida ambayo vishoka hawaitaji: ombi likikataliwa, mdhamini ana haki ya kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Aliyepitia kundi la ndani ya Canada hana rufaa hiyo. Tena, wa kundi la ndani akisafiri kuja kumzika mzazi wake kisha akanyimwa ruhusa ya kurudi, ombi lake linaweza kuishia hapo. Kwa familia zetu, ambazo msiba mmoja huwaita watu kutoka pande zote za dunia, jambo hili lifikiriwe mapema.

Kwa viwango vilivyoanza tarehe 30 Aprili 2024, ada za udhamini wa mwenzi zilifika dola za Canada 1,205: dola 85 za udhamini, 545 za kushughulikia ombi la mwenzi na 575 za haki ya ukaazi. Alama za vidole na picha ni dola 85 nyingine. Ada hizi hupanda mara kwa mara, hivyo kiwango kiangaliwe kwenye tovuti ya idara siku ile ile ya kulipa.

Ombi likishatumwa, kazi hurudi nyumbani. Waombaji wa Afrika walianza kutakiwa kutoa alama za vidole tarehe 31 Julai 2018. Barua ya maelekezo ikifika, mwombaji ana siku 30 za kwenda kwenye kituo cha maombi ya viza. Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na idara tu; daktari wa familia, hata awe bingwa, majibu yake hayakubaliwi. Vyeti vya polisi hutakiwa pia kutoka nchi ambazo mwombaji ameishi miezi 6 au zaidi mfululizo. Mzanzibari aliyefanya kazi Muscat kwa miaka mitatu atatafuta cha Tanzania na cha Oman. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na mfasiri asiwe ndugu wa familia.

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea kwenye ukurasa wa kuorodhesha watoto. Mtu ana mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, analelewa na bibi yake Tanga, naye kwa aibu au kwa kudhani hahusiki kwa kuwa hasafiri, anamwacha. Kanuni za uhamiaji za Canada, kifungu cha 117(9)(d), husema kwamba mwanafamilia ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati mzazi anapata ukaazi hawezi baadaye kudhaminiwa katika kundi la familia. Mwaka 2019 serikali ilianzisha nafuu ya muda kwa baadhi ya waliokumbwa na kifungu hicho, wakiwamo wakimbizi, lakini nafuu ya muda si kitu cha kumwekea mtoto dhamana. Wakongomani na Warundi wanaohamishwa kutoka kambi kama Nyarugusu wana jambo jingine la kuangalia: mwenzi au mtoto aliyebaki nyuma huombewa ndani ya mwaka mmoja tangu aliyetangulia apate ukaazi, na alipaswa kuwa ametajwa kwenye fomu tangu mwanzo.

Tuseme mke wa Mbezi Beach amefanikiwa, ameingia Toronto, kisha miaka mitatu baadaye mumewe anapata kazi Arusha na wanarudi wote. Kadi yake ya ukaazi inaisha muda akiwa huku. Kadi mpya huombwa na aliye ndani ya Canada, wala idara haiitumi kwa anwani ya nje. Akiwa nje anaomba hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, ambayo ada yake ni dola 50, na hiyo ndiyo itakayompandisha ndege. Afisa atahesabu kama ametimiza siku 730 za kuwepo Canada katika miaka mitano. Siku alizoishi Arusha pamoja na mume wake ambaye ni raia zinahesabiwa kana kwamba alikuwa Canada, lakini ni juu yake kuthibitisha: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, mihuri ya pasipoti, na nakala ya pasipoti ya Canada ya mume.