Kuandika Habari za Mahali Pageni

Wanafunzi wetu, waambiwapo kuandika habari za mahali pasipo pa kawaida, hukimbilia neno "ajabu." Huandika, "Mahali hapo ni pa ajabu mno, tena panatisha." Neno hilo ni hukumu tu, msomaji aliye mbali hakupewa ushahidi, wala moyo wake hautishiki.

Tutwae mfano wa Newala. Ukingo wa uwanda wa Makonde huko huitwa Shimo la Mungu. Mwandishi akisema, "Ni shimo kubwa la ajabu," hakuongeza neno juu ya lile jina. Afadhali aeleze kwanza njia ya mchanga mwekundu ipitayo kati ya vichaka vilivyosongamana, hata mtu asione mbali. Kisha ardhi yakatika ghafula, na bonde la Ruvuma li chini ya miguu yake, na ng'ambo ni Msumbiji. Msomaji aliyekwisha kubanwa na vichaka ndiye atakayeshtushwa na upana.

Tena, mahali hujulikana kwa taabu na kazi za watu wake. Juu ya uwanda maji ni haba: mvua huzama mchangani, ikatokea chini penye chemchemi za miteremko. Kabla ya mabomba kuanza kufika katika miaka ya 1950, wanawake walishuka ukingo na kupanda tena na mitungi kichwani. Basi mwandishi wa habari za siku zile asiseme tu, "Nchi ilikuwa kavu sana." Na aonyeshe mgeni akinawishwa kwa kata moja, na mwenyeji akiyatazama maji yanavyomwagika. Hapo kiu ya nchi nzima imo.

Lakini na ajihadhari. Asipotaja sababu, msomaji atawadhania wenyeji kuwa wapumbavu kwa kukaa mbali na maji. Katika karne ya 19 vichaka hivyo viliwasitiri watu na wateka watumwa na wavamizi wa Kingoni. Waliona heri kiu kuliko minyororo. Aonyeshaye ugeni wa mahali, asionyeshe akili ya wakaao hapo, amewadhulumu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, uletewapo insha, pigia mstari kila neno "ajabu," umwulize mwanafunzi: Uliona nini? Ulisikia nini? Wenyeji walifanya nini, na kwa sababu gani? Majibu yake ndiyo insha yenyewe.