Gugu-maji na majani ya kwetu

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Jani ni jani tu, hili likifa, lingine litaota.» Neno hilo si kweli. Tulieleze kwa mfano wa gugu-maji la mto Kongo.

Limetoka wapi? Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi za mto Amazon. Watu walilichukua huko na huko kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Katika mto wetu lilionekana mwaka 1952. Miaka michache baadaye lilikuwa limeenea kati ya Stanleyville (leo Kisangani) na Léopoldville (leo Kinshasa). Watu wa mtoni waliliita «Kongo ya sika», maana yake Kongo mpya. Serikali ya kikoloni ilimwaga sumu, lakini gugu halikwisha.

Linazaa namna gani? Kwa njia mbili. Kwanza, shina hutoa vitawi, na kila kitawi huwa gugu jipya. Penye joto na chakula kingi huongezeka mara mbili katika majuma mawili hivi. Pili, hutoa mbegu, nazo huweza kukaa matopeni miaka hata 20 bila kufa. Tena wadudu waliokuwa wakilila kwao hawakuja pamoja nalo.

Majani ya kwetu yanapata hasara gani? Tutazame yungiyungi, lenye mizizi matopeni na majani yanayolala juu ya maji.
1° Gugu likifunika maji, yungiyungi halipati nafasi ya kutandaza majani wala kufungua ua.
2° Nyuki asipolifikia ua, mbegu hupungua. Na mche mchanga ukiota chini hukuta giza.
3° Yakibaki machache, huzaana yenyewe kwa yenyewe, na watoto hufanana mno. Basi, jani huzoea hali mpya kwa njia ya watoto wanaotofautiana, polepole, kizazi kwa kizazi. Gugu haliyaachi muda huo.

Je, kila kigeni ni kibaya? Hapana. Muhogo na mahindi pia asili yake ni Amerika, navyo vinatulisha; lakini vyangoja mkono wa mkulima. Ubaya ni wa lile linaloenea pasipo kizuizi.

Dawa ni nini? Katika ziwa Victoria, tangu mwaka 1995, waliachilia wadudu wadogo wa kwao gugu, wakasaidia kulipunguza. Sisi tufanye lililo karibu: tusilipande katika visima vya samaki vya misioni kwa ajili ya maua yake, tukiling'oa, tulikaushe mbali na maji, tusilitupe mtoni, na makatekista wawafundishe wavuvi vivyo hivyo.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chatuambia kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima twakufundisha kila mwaka. Tusisahau kufundisha na kutunza.