Fundi mpya wa kukereza mbao aanze na zana zipi?

KIJANA wa Iguguno, wilayani Mkalama mkoani Singida, anayetaka kugeuza fedha za mavuno ya alizeti kuwa mtaji wa ufundi wa kukereza mbao, hukabiliwa na swali gumu kabla hata ya kugusa mti: anunue nini kwanza? Akikosea, akiba ya msimu mzima itaishia katika vyuma visivyokata, na mavuno mengine yatakuwa bado mbali.

Kukereza ni kuzungusha kipande cha mti katika mashine huku patasi ikikichonga hadi kiwe cha mviringo. Ndiko kunakotoa miguu ya vitanda na meza, nguzo za ngazi, mipini na bakuli. Si ufundi mgeni. Huko mwambao, Lamu na Zanzibar, miguu ya vitanda vya fahari ilikerezwa tangu kabla ya umeme kufika, na Kiswahili kikahifadhi jina la mashine yenyewe: keezo.

Kosa linalowaponza wengi ni kununua seti. Kasha lenye patasi nane au 12 huvutia macho, na mnunuzi huhesabu kila moja kuwa ni faida. Nusu yake hazitaguswa kwa miaka mingi. Kosa la pili, tena la hatari, ni kutumia patasi ya kawaida ya seremala. Patasi hiyo ina mpini mfupi, nayo ilitengenezwa kwa mti uliotulia, si kwa mti unaozunguka. Ikinaswa, humponyoka fundi mkononi.

Jibu la swali la zana linaanzia kwa mteja. Katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, mteja wa karibu ni seremala anayehitaji miguu ya vitanda, meza na vigoda. Mapambo na bakuli soko lake liko mbali zaidi, kwa watalii na maduka ya mijini. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua orodha ya manunuzi, kwa kuwa mguu wa kitanda hukerezwa nyuzi za mti zikielekea urefu wa mashine, ilhali bakuli kwa kawaida hukerezwa nyuzi zikiwa zimekingama.

Kwa kazi ya miguu, zana tatu zinatosha kuanza. Ya kwanza ni bobari pana, yaani patasi yenye umbo la bomba lililopasuliwa katikati, ambayo hugeuza mti wa pembe nne kuwa wa mviringo. Ya pili ni patasi nyembamba ya kukatia, yenye upana wa takriban milimita tatu, inayopima vina na kutenganisha kipande kilichokamilika. Ya tatu ni patasi bapa ambayo makali yake yamekatwa mshazari. Hii ni ngumu kuizoea, lakini ndiyo inayoacha mti laini kiasi kwamba msasa unabaki na kazi ndogo tu. Bobari jembamba la kuchimbia mabonde kati ya pete linaweza kufuata baada ya miguu ya kwanza kuuzwa.

Hapa lipo onyo lisilopaswa kusahauliwa: bobari pana la miguu lisitumike kamwe kwenye bakuli. Shina lake lililoingia kwenye mpini ni jembamba, na nyuzi zilizokingama zinaweza kulivuta na kulivunja mbele ya uso wa fundi. Bakuli lina bobari lake, nene na lenye mfereji wa kina.

Baada ya umbo, itazamwe aina ya chuma. Patasi za chuma cha kaboni ni za bei ndogo na hunoleka vizuri, ila zikipashwa joto kwenye jiwe la umeme hadi ncha ikageuka bluu, jambo linalotokea karibu na nyuzi joto 300, ugumu wake hupotea. Patasi zilizopigwa herufi HSS ni za chuma kilichobuniwa na Wamarekani Frederick Taylor na Maunsel White mwishoni mwa karne ya 19, nacho hustahimili joto kubwa zaidi ya hilo bila kulegea. Patasi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko tatu za kaboni kwa mtu ambaye bado anajifunza kunoa, maana makosa ya kunoa ndiyo yatakayokuwa mengi. Ama tupa kuukuu zinazonolewa zikafanywa patasi, ziepukwe. Tupa ni ngumu lakini hukatika kama kigae.

Fedha ya mashine ya kunolea itengwe kabla ya ile ya patasi ya nne. Mkerezaji hunoa mara nyingi kwa siku, na patasi butu haikati, bali hukwaruza na kunasa. Pengine hili ndilo linalowafanya wanaoanza waamini kwamba mashine zao ni mbovu.

Kuhusu mashine ya kukerezea, uzito ni sifa kuliko rangi, na kasi iweze kupunguzwa. Hesabu ni rahisi. Mti wenye kipenyo cha sentimita 10 ukizunguka mara 2,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia takriban kilomita 38 kwa saa. Gogo la sentimita 30 kwa mizunguko ileile hufikia kilomita 113, kasi inayozidi ile ya kilomita 80 inayoruhusiwa kwa mabasi ya Mwanza yanayopita hapo Iguguno. Ndiyo maana kinga ya uso inunuliwe siku ileile inaponunuliwa mashine, na mikono mirefu ya shati ifungwe. Glovu zisivaliwe. Barakoa nayo inahitajika, hasa kwa mninga, ambao vumbi lake huwasumbua baadhi ya watu kifua.

Asiyemudu peke yake anaweza kuungana na wenzake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, hutolewa kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa ushauri wa mashine, SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mjini Singida.

Patasi zilizotumika nazo zisidharauliwe. Mnunuzi apime urefu wa chuma kilichobaki, aangalie kama kutu imechimba vishimo karibu na makali, kisha aguse mpini kuona kama unacheza. Zile zinazouzwa bila mpini huwa na bei nafuu zaidi, na mpini si tatizo. Tawi lililonyooka na kukauka vizuri, pete iliyokatwa kwenye kipande cha bomba la maji, na patasi ya kuazima kwa saa moja, vinatosha kumpa fundi mpya kazi yake ya kwanza kwenye keezo.