Picha za satelaiti ni bure, wa kuzisoma ndio adimu

SATELAITI hupita juu ya Afrika Mashariki usiku na mchana zikipiga picha za mashamba, maziwa na misitu. Hata hivyo, picha hizo hazimsaidii mkulima wala serikali iwapo hakuna mtu wa kuzisoma na kueleza maana yake.

Hiyo ndiyo sababu ya nchi mbalimbali kubadilishana wanasayansi kwa ziara za mafunzo na utafiti, ambazo huweza kuchukua wiki chache au hata miaka kadhaa.

Zamani kilichoadimika kilikuwa picha zenyewe. Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat Julai 1972, na kwa miaka mingi picha zake ziliuzwa. Picha moja ya Landsat 7 iligharimu dola 600, bei iliyozishinda ofisi nyingi za ramani barani Afrika.

Mwaka 2008 Marekani ilitangaza kuwa picha hizo zitatolewa bure. Ulaya nayo ilirusha satelaiti yake ya kwanza ya mfululizo wa Sentinel mwaka 2014, na picha zake pia hutolewa bila malipo. Tangu hapo tatizo limekuwa upungufu wa wataalamu.

Macho ya angani, miguu ya ardhini

Satelaiti hupima kiasi cha mwanga unaoakisiwa na ardhi, ukiwamo ule usioonekana kwa macho ya binadamu. Mmea wenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi mwanga wa infraredi. Kwa kulinganisha viwango hivyo viwili, mtaalamu hujua mahali penye mimea iliyostawi na mahali panapokauka.

Kipimo hicho peke yake hakielezi kama kilichostawi ni mahindi au magugu. Kila nukta ya picha ya Landsat huchukua eneo la mita 30 kwa 30. Kwa hiyo, shamba la nusu ekari huwa na nukta mbili tu na ushei, na ndani yake huweza kuwamo mahindi, maharage na migomba kwa pamoja.

Programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa mashamba makubwa ya zao moja huko Marekani hukosea kwa urahisi inapokutana na shamba la namna hiyo.

Rada nayo ina mtego wake. Satelaiti zenye rada huona hata kupitia mawingu ya masika, na maji yaliyotulia huonekana meusi katika picha zake. Lakini majaruba ya mpunga ya Mwea, nchini Kenya, nayo hujazwa maji. Asiyeifahamu Mwea anaweza kuyahesabu kuwa mafuriko.

Kwa sababu hiyo, ziara zenye manufaa ni zile za pande mbili. Mgeni huja na hesabu pamoja na programu, naye mwenyeji humpeleka shambani kuhakiki kile kilichoonekana kutoka angani.

Nairobi ni miongoni mwa miji ambayo ushirikiano huo ulipata makao. Kituo cha Kanda cha Kuchora Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo (RCMRD), kilichoanzishwa mwaka 1975, huhudumia nchi wanachama za mashariki na kusini mwa Afrika.

Mwaka 2008 kituo hicho kilijiunga na mradi wa SERVIR, ulioanzishwa na Shirika la Anga la Marekani (NASA) kwa kushirikiana na shirika la misaada la nchi hiyo, USAID. Kupitia mradi huo, wataalamu wa Marekani na wenzao wa Afrika walifanya kazi bega kwa bega kuhusu ukame, mafuriko na matumizi ya ardhi.

Safari nyingine zimelenga kujifunza kuunda satelaiti zenyewe. Wahandisi watatu wa Uganda walipata mafunzo katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, na kushiriki kuunda PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya nchi yao. Ilirushwa Novemba 2022 ikiwa na kamera ya kuchunguza ardhi.

Satelaiti ndogo za aina hiyo, ambazo huachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, hazidumu. Baada ya muda huporomoka na kuungua angani. Kinachobaki ni ujuzi wa walioziunda.

Ziara hizi hutegemea fedha za wafadhili, na hapo ndipo penye udhaifu. Julai 2025 USAID ilisitisha shughuli zake, na hivyo SERVIR ikampoteza mmoja wa waasisi wake wawili.

Picha hazikukoma kwa sababu hiyo, kwani satelaiti huendelea na mizunguko yake. Kinachoweza kukoma ni nauli, mishahara na nafasi za vijana kukaa na wataalamu waliowatangulia.

Nchi iliyomwajiri mtaalamu wake aliporejea kutoka mafunzoni itaendelea kuzisoma picha hizo hata mfadhili akiondoka. Ile iliyomwacha bila kazi italazimika kungoja taarifa za ukame wa mashamba yake yenyewe kutoka ng'ambo.