Unga mweupe wa bandani: Unapofaa, na unapomtia mfugaji hasara

KUKU anayejikuna usiku kucha hatagi vizuri. Mfugaji wa wilaya ya Same, awe tambarare ya Makanya na Hedaru au juu milimani Chome na Mamba, analijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Utitiri ukishaota mizizi bandani, kilemba cha kuku hupauka, mayai hupungua, na kuku anayeatamia huacha kiota kabla siku 21 hazijatimia. Kwa familia inayotegemea mayai kununua chumvi, sabuni na daftari za watoto, hiyo ni hasara ya moja kwa moja.

Dawa ya kwanza ya wazee ilikuwa jivu la jikoni. Humwagwa kwenye kona kavu ya banda, kuku hujigaragaza ndani yake na kulipenyeza katikati ya manyoya. Ni njia nzuri, ingawa jivu linatakiwa kwa wingi na nguvu yake ni ndogo.

Katika nchi nyingi wafugaji hutumia unga mwingine unaofanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, lakini kwa nguvu zaidi. Unga huo huitwa diatomaiti. Wauzaji huusifu kuwa ni dawa ya asili inayomaliza chawa, utitiri, kupe na minyoo kwa mpigo mmoja. Sehemu ya sifa hizo ni kweli. Nyingine zinaweza kumfilisi mfugaji.

Unga huu ni nini

Diatomaiti ni mabaki ya viumbe wadogo sana wa jamii ya mwani, ambao waliishi majini miaka mingi iliyopita. Magamba yao ni ya silika, madini yaliyomo pia katika mchanga na kioo. Walipokufa magamba yalizama chini ya ziwa, yakarundikana tabaka juu ya tabaka. Ziwa lilipokauka, ukabaki mwamba mwepesi mweupe unaosagika kama chaki.

Si lazima kwenda Ulaya kuuona mwamba huo. Kwa majirani zetu Kenya, huko Kariandusi karibu na Gilgil katika Bonde la Ufa, diatomaiti imechimbwa kwa miaka mingi kutoka katika sakafu ya ziwa la kale.

Unavyoua wadudu

Unga huu hauna sumu ya kumeza. Mwili wa mdudu umefunikwa na utando mwembamba wa nta unaozuia maji yasitoke. Chembe za diatomaiti hunyonya nta hiyo na kuikwangua, kisha mdudu hupoteza maji na kukauka hadi akafa.

Kutokana na hilo yapo mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, unga hauui papo hapo. Huchukua siku kadhaa. Pili, hauui mayai ya wadudu, kwa hiyo ni lazima kurudia. Tatu, ukilowa haufanyi kazi.

Hilo la tatu lina uzito kwa wakazi wa Same. Tambarare kuna ukame, hivyo unga ukiwekwa mahali pakavu hudumu. Lakini vijiji vilivyo karibu na mlima Shengena vina ukungu na mvua, na huko unga ulioachwa wazi hugeuka tope jeupe lisilo na faida. Mfugaji wa milimani auweke chini ya paa lisilovuja, na aubadilishe kila unaposhika unyevu.

Nchini mwetu unga huu ulishajaribiwa, ila kwenye nafaka. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na Natural Resources Institute ya Uingereza waliujaribu katika mikoa ya Manyara, Dodoma na Shinyanga kuhifadhi mahindi, mtama na maharage. Vipimo vilikuwa kati ya gramu 100 na 250 kwa gunia la kilo 100. Ilionekana unaweza kulinda nafaka ya mkulima mdogo, ingawa penye dumuzi kilihitajika kipimo kikubwa zaidi.

Kwa upande wa kuku, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside, Marekani, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwawekea kuku masanduku ya kuogea vumbi. Diatomaiti ilipunguza utitiri wa mwilini kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki moja. Lakini unga wa salfa, jamii ya ile wanayopulizia wakulima wa korosho, uliushinda.

Jinsi ya kuutumia

Chukua sanduku au beseni pana ambalo kuku wawili wanaweza kuingia. Jaza mchanga mkavu uliochekechwa, kisha changanya na unga. Kipimo rahisi cha kuanzia ni kopo moja la unga kwa makopo tisa ya mchanga. Weka mahali penye kivuli pasipofikiwa na mvua.

Kabla ya hapo safisha banda. Toa maranda ya zamani na uyachome, fagia nyufa za mbao na vichanja, kisha paka unga kidogo kwenye nyufa hizo na chini ya viota. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kumfuata kuku usiku. Rudia baada ya wiki moja ili kuwapata walioanguliwa.

Anayepaka unga afunge pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa, na kuku watolewe nje mpaka vumbi litulie. Vumbi hili hukausha koo na macho ya mtu, na mapafu ya kuku ni dhaifu kuliko yetu.

Minyoo na kupe: hapo usidanganyike

Wapo wanaochanganya diatomaiti kwenye pumba wakiamini itamaliza minyoo ya mbuzi na ng'ombe. Majaribio kadhaa kwa wanyama wanaocheua hayakuonyesha minyoo kupungua. Sababu inaeleweka: tumbo la mbuzi limejaa maji, na unga unaoua kwa kukausha hauwezi kukausha kitu ndani ya maji.

Mbuzi mwenye minyoo mingi hupungukiwa damu. Mfunue kope la chini ya jicho. Likiwa jeupe badala ya jekundu, huyo anahitaji dawa ya minyoo leo. Ukimpa unga na kusubiri wiki mbili, unaweza kubaki na ngozi tu.

Kupe nao ni hivyo hivyo. Ndigana kali inaweza kumwangusha ng'ombe wa maziwa kwa siku chache, na mfugaji anayemkatia majani ng'ombe mmoja bandani akimpoteza huyo amepoteza maziwa, mbolea ya migomba na akiba yake yote. Kuogesha kwa josho au kwa bomba kubaki palepale.

Vivyo hivyo kideri. Hakuna unga wala jivu linalozuia ugonjwa huo. Kinga yake ni chanjo ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu.

Si kila unga mweupe

Same ina jasi. Machimbo ya Makanya yanajulikana kwa kupeleka jasi kwenye viwanda vya saruji. Jasi ikisagwa ni nyeupe, na kwa macho mtu anaweza kuidhania diatomaiti. Chokaa nayo ni nyeupe, na huunguza ngozi na macho. Kwa hiyo unga usio na lebo, unaopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia, usiununue.

Hata diatomaiti yenyewe iko ya aina mbili. Ile iliyochomwa kwa joto kali kwa ajili ya kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea huwa na silika ya fuwele kwa wingi. Vumbi la silika hiyo huharibu mapafu, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Inayofaa bandani ni ile isiyochomwa. Soma lebo, uliza namba ya usajili, na mwite mtaalamu wa mifugo wa kata akuone unavyotumia.

Piga hesabu kwanza

Kabla ya kutoa fedha nyingi, jaribu. Gawa kuku wako makundi mawili: moja lipewe mchanga wenye jivu, jingine mchanga wenye unga. Hesabu mayai ya kila kundi kwa mwezi mmoja, na kila Jumapili usiku chunguza manyoya ya karibu na mkia kwa tochi.

Kama kundi la unga limeongeza mayai ambayo thamani yake inazidi bei ya mfuko, nunua tena. Kama tofauti haionekani, jivu la jikoni linatosha, na fedha hiyo ipeleke kwenye chanjo ya kideri na dawa ya kuogeshea.